Maneno Ndani ya Mfuko wa Suruali

Leo nakuomba uiangalie suruali ya jinzi ya mwanao, ama yako mwenyewe ikiwa unayo. Tazama pembe za mifuko yake. Utaona vijiduara vidogo vya madini vimegongwa hapo. Vijana wetu hudhani ni mapambo tu. La hasha! Vijiduara hivyo vina hadithi, na hadithi yenyewe ina sehemu mbili: moja ya kutufurahisha na nyingine ya kutuonya. Nitakusimulia zote mbili, maana msimulizi akitoa tamu na kuficha chungu huwa hajasimulia.

Mnamo tarehe 24 Januari, 1848, dhahabu iligunduliwa Coloma, katika California. Watu walimiminika huko kwa maelfu. Mwaka 1859 ikasikika habari ya fedha katika milima ya Nevada, nako watu wakakimbilia. Basi, machimbo popote pale duniani huwaita watu wa namna mbili: wale waendao kuchimba, na wale waendao kuwauzia wachimbaji. Mchimbaji aweza kupata au kukosa, lakini apate asipate, hana budi kula, kuvaa na kununua sepetu. Ndiyo sababu wachimbaji wengi walirudi makwao mikono mitupu, hali wenye maduka wakabaki.

Miongoni mwa wenye maduka hao walikuwamo Wayahudi wengi waliotoka Ujerumani na nchi za mashariki ya Ulaya. Kwa nini wao? Jibu liko kule walikotoka. Katika Bavaria, kwa mfano, sheria iliweka hesabu ya familia za Kiyahudi zilizoruhusiwa kukaa katika kila mji. Kijana aliyekosa nafasi katika orodha ile hakuweza kuoa wala kuanzisha nyumba yake. Mahali pengi walizuiwa kumiliki ardhi, na vyama vya mafundi viliwafungia milango. Kazi iliyowabakia ilikuwa uchuuzi: kubeba mzigo mgongoni na kupita kijiji hata kijiji. Walipovuka bahari, walivuka na ujuzi huo.

Benki yao ilikuwa ukoo. Kaka alikaa New York akinunua majora ya nguo. Mdogo wake alikaa San Francisco akipokea shehena. Binamu alikwenda na bidhaa machimboni, akafungua duka ndani ya hema. Marikebu zilizozunguka ncha ya kusini ya Amerika zilichukua miezi mingi njiani, na mali ilitoka kwa mkopo. Pasipo kuaminiana, biashara ile isingesimama hata siku moja. Na mwenzao alipofariki, walitafuta kiwanja wakamzika kwa taratibu za dini yao. Makaburi hayo yangaliko hata leo katika miji kama Sonora, Jackson na Placerville. Mtu hachimbi kaburi la nduguye mahali anapopita tu.

Mmoja wa watu hao ni Levi Strauss, aliyezaliwa mwaka 1829 katika kijiji cha Buttenheim, Bavaria. Baba yake alipokwisha kufariki, Levi, mama yake na dada zake wawili walisafiri mwaka 1847 hadi New York, ambako kaka zake walikwisha kuanza biashara ya nguo. Mwaka 1853 alikwenda San Francisco kuanzisha duka la jumla. Labda umepata kusikia kwamba alifika na turubai za mahema, akazikata na kuwashonea wachimbaji suruali. Hiyo ni ngano. Levi hakuwa fundi cherehani, wala hakuwa mchimbaji. Alikuwa muuza jumla, nao wenye maduka madogo ya machimboni walikuwa wateja wake.

Fundi tunayemtafuta alikuwa mwingine. Jina lake Jacob Davis, Myahudi mzaliwa wa Riga, ambao leo ni mji mkuu wa Latvia. Alikwisha kujaribu kazi nyingi kabla ya kuweka cherehani yake katika mji mdogo wa Reno, Nevada. Huko alishona mahema na blanketi za farasi, na kitambaa alikinunua kwa Levi Strauss.

Mwishoni mwa mwaka 1870 alikuja kwake mama mmoja. Mumewe alikuwa mkata kuni, mtu wa umbo kubwa, na suruali zake zilikuwa hazidumu. Mama yule aliomba ashonewe suruali ya nguvu, akalipa dola 3 kabla ya kazi. Davis akachukua turubai nyeupe, akashona. Alipomaliza akaziona mezani ribiti za shaba alizokuwa akizitumia kwenye mikanda ya farasi. Akawaza: mifuko ndiyo ichanikayo kwanza, kwa nini nisiigongee hizi? Akazigongea. Ndugu msomaji, huo ndio mwanzo wa vile vijiduara.

Habari zikaenea na wateja wakaongezeka. Majirani nao wakaanza kumwonea wivu, na Davis akahofu kuwa kila fundi ataiga. Dawa ilikuwa hataza, yaani hati ya serikali ya kulinda haki ya mvumbuzi. Gharama yake ilikuwa kiasi cha dola 68. Mwezi Julai, 1872, aliandika barua kwa Levi Strauss, kwa Kiingereza cha mgeni kilichojaa makosa. Alimweleza siri yote, akampelekea na suruali mbili za mfano, akamwomba alipe gharama ili wagawane haki.

Hebu fikiri. Fundi wa mji mdogo ameiweka siri yake yote mikononi mwa tajiri. Tajiri yule angaliweza kuichukua na kunyamaza. Hakufanya hivyo. Maombi yalikataliwa na kurekebishwa mara kadhaa, mpaka tarehe 20 Mei, 1873, hataza ilipotolewa kwa jina la Davis, na haki zake zikawa za Davis pamoja na kampuni ya Strauss. Davis akahamia San Francisco kusimamia ushonaji, akaendelea na kazi hiyo mpaka uzee wake. Strauss alifariki mwaka 1902 bila kuoa. Biashara aliwaachia wapwa zake, na katika wosia wake aliwakumbuka yatima wa Kiyahudi, wa Kikatoliki na wa Kiprotestanti.

Hiyo ndiyo tamu. Sasa tuionje chungu.

Mwezi Oktoba, 2022, katika jimbo la New Mexico, suruali moja kuukuu ya kampuni hiyo iliuzwa mnadani kwa dola 87,400. Ilikuwa ya miaka ya 1880, nayo ilikutwa ndani ya mgodi uliokwisha kuachwa. Ribiti zake zilikuwapo. Lakini ndani ya mfuko yalikuwamo pia maneno yaliyopigwa chapa: kwamba suruali hizo ni za pekee zilizotengenezwa na wafanyakazi weupe.

Maneno hayo yalilengwa kwa Wachina. Nao walivuka bahari kuifuata dhahabu ile ile. Nao walifukuzwa machimboni, wakakimbilia kufua nguo, kupika na kushona. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini, na sheria hiyo haikufutwa mpaka mwaka 1943. Katika hali hiyo ya chuki, kampuni iliona kwamba kutangaza ubaguzi kunavuta wanunuzi. Baadaye iliacha, na miaka hii imekiri kosa hilo.

Tazama basi jambo la ajabu. Kijana aliyetoka katika nchi iliyowahesabu watu wake kwa orodha, kampuni yake nayo ikaandika ndani ya mfuko nani anafaa kushika sindano na nani hafai. Wazee wetu walisema: usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Hawakusema hivyo kwa bure. Aliyefungiwa mlango jana, leo akikabidhiwa ufunguo, moyo wake ndipo unapopimwa.

Nawe, ndugu msomaji, huenda ulipoingia mjini ulipokelewa na mtu asiye wa kabila lako, akakupa pa kulala, akakukopesha mtaji wa kwanza. Leo unacho kiduka, au una nafasi ya kuajiri mtu mmoja. Siku mgeni mwingine atakapobisha hodi, mkumbuke fundi wa Reno na barua yake iliyojaa makosa. Kisha uutazame mfuko wako, uone ndani yake umeandika nini.

Tukutane Jumapili ijayo.