Bibi Anayesahau Si Mchawi, Ni Mgonjwa

Siku ya gulio hapa Mbalizi si ajabu kumkuta bibi mzee amesimama kando ya barabara kuu ya Zambia, hajui aelekee wapi. Kwake si mbali. Asubuhi amekunywa uji, lakini anasema hajala tangu jana. Humwita mwanawe kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani.

Watu huanza kunong'ona. Wengine husema amerogwa. Wengine husema yeye ndiye mchawi, kwa sababu ameonekana usiku akizunguka nyumba ya jirani. Maneno haya ni ya hatari. Katika nchi yetu wazee wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Maoni yangu ni kwamba kabla ya kumtafuta mchawi, tujifunze kinachotokea ndani ya kichwa cha mzee huyu.

Ugonjwa huu ulielezwa mwaka 1906 na daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, nao ukapewa jina lake. Msidhani ni ugonjwa wa Wazungu tu. Uchunguzi uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, mwaka 2009 hadi 2010, ulionyesha kuwa kiasi cha wazee 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi walikuwa na maradhi ya kupotewa na akili uzeeni. Duniani, ugonjwa wa Alzheimer ndio unaoongoza kati ya maradhi hayo.

Akina mama wengi wanajua kuwa nyama ngumu ikifungwa katika majani ya mpapai hulainika. Utomvu wa mpapai una kimeng'enya, yaani kitu kinachokatakata protini. Miili yetu nayo ina vimeng'enya. Tumboni huvunja maharage na nyama. Ubongoni pia vipo.

Huko ubongoni, vimeng'enya viwili hukata protini moja kubwa na kutoa kipande kidogo kiitwacho beta-amiloidi. Vimeng'enya vingine, kama neprilisini na kile kinachovunja insulini, hukivunja kipande hicho ili kisibaki. Umri ukiendelea, usafi huu hupungua. Vipande hugandamana na kurundikana kati ya chembe hai za ubongo, kama matope katika mfereji usiozibuliwa. Hayo huanza miaka mingi kabla ya mzee kuonekana anasahau.

Je, dawa ipo? Wataalamu walijaribu kukizuia kimoja cha vimeng'enya vinavyokata. Mwaka 2010 jaribio la dawa hiyo, semagasestati, lilisimamishwa kwa kuwa wagonjwa walizidi kuwa wabaya. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha lekanemabu, inayoondoa vipande hivyo. Hupunguza kasi ya ugonjwa kidogo tu, haiponyi, na ni ghali mno. Basi mtu akikuletea gulioni chupa ya "kusafisha ubongo", usimpe fedha yako. Hata papai halitasafisha ubongo, maana kimeng'enya chake nacho huvunjwa tumboni kama chakula kingine.

Kinga ndiyo iliyo mikononi mwetu. Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la Lancet walikadiria kuwa karibu nusu ya maradhi haya yangeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Kwa hiyo tupime shinikizo la damu na kisukari, na tukiambiwa tunywe dawa tunywe. Tuache tumbaku na tupunguze pombe. Tutibu masikio na macho. Tuwapeleke watoto shule, kwani elimu ya utotoni huukinga ubongo hadi uzeeni. Na wazee wasiachwe wakae peke yao.

Mwenye mzee anayesahau ampeleke zahanati au hospitali ya Ifisi. Usahaulifu mwingine hutokana na maambukizo, upungufu wa vitamini au huzuni nyingi, nao hutibika. Nyumbani msibishane naye, msimpige, msimfungie. Ale na alale saa zile zile. Mwangalieni asikae peke yake karibu na moto. Na kazi hii isiachiwe mkwe mmoja. Ndugu wote wapokezane.

Bibi huyu ndiye aliyetulea. Akisahau jina letu, sisi tusisahau lake.