Mkojo Si wa Kumwaga Tu

Ukipewa kikopo maabara na kuelekezwa msalani, huwa unaona haya. Ukitoka unakifunika kwa kiganja, unapita upesi mbele za watu, unakiacha dirishani na kuondoka. Naomba leo haya hiyo tuiweke kando. Ndani ya kikopo kile mna habari za figo zako, na huenda mna mbegu ya tiba ambayo wajukuu wetu wataiona ya kawaida.

Kila figo ina takribani nefroni milioni moja, yaani vichujio vidogo mno vya damu. Mtoto akishazaliwa, figo haitengenezi vingine. Presha, kisukari na dawa za maumivu zinazomezwa kiholela huvimaliza polepole, na vinavyosalia hubeba mzigo wote hadi vinapozidiwa. Hapo ndipo mtu huanza safari za kusafisha damu mara mbili tatu kwa wiki, au kusubiri ndugu wa kumpa figo. Hospitali ya Muhimbili, jijini Dar es Salaam, imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, na hilo ni la kujivunia. Lakini si kila ukoo una mtu mwenye afya na damu inayolingana na ya mgonjwa.

Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta njia ya kuisaidia figo ipone ingali mwilini, na wengi wameweka matumaini kwenye seli shina, zile seli changa zinazoweza kuzaliana na kugeuka kuwa za aina nyingine. Kwa muda mrefu, kuzipata mara nyingi kulihitaji sindano nene ipenye mfupa wa nyonga ifyonze uboho. Kisha mwaka 2008, Yuanyuan Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, North Carolina, Marekani, wakachapisha matokeo yanayoonyesha kwamba seli za namna hiyo zimo ndani ya mkojo wa kawaida.

Kazi yenyewe haina makeke. Mkojo mbichi huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka seli zitulie chini ya mrija. Maji ya juu humwagwa, seli husafishwa, kisha huwekwa kwenye sahani yenye virutubisho, katika joto la mwili. Baada ya siku kadhaa, chini ya hadubini, seli moja imeshakuwa kundi dogo, kila moja nyembamba kama punje ya mchele. Hakuna aliyechanjwa, hakuna aliyetiwa ganzi. Mwaka 2011 watafiti wa Guangzhou, China, walikwenda mbali zaidi: walizirudisha seli za mkojo kwenye uchanga wa mwanzo kabisa, hali inayoziwezesha kukuzwa kuwa karibu seli yoyote ya mwili.

Hazina nyingine iko wodi ya wazazi. Ute uliomo ndani ya kiungamwana, pamoja na kondo la nyuma, una seli shina zinazoweza kuchukuliwa mtoto akishazaliwa, bila kumgusa yeye wala mama yake.

Je, dawa tayari ipo? Bado. Katika panya wenye figo zilizoumia, seli hizi zimepunguza uvimbe na makovu, zaidi kwa kutoa kemikali zinazoamsha seli jirani kuliko kwa kujenga nefroni mpya. Kwa binadamu, kazi ingali kwenye majaribio.

Kwa hiyo nina maombi matatu kwako.

La kwanza, pima. Kijiti kinachochovywa kwenye mkojo hubadilika rangi kikikuta protini, nayo protini ni moja ya dalili za mapema kwamba vichujio vinavuja. Ukiwa na presha au kisukari, omba kipimo cha mkojo na cha kreatinini ya damu (taka ambayo figo huichuja) angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hujisikii vibaya.

La pili, usiuze shamba kwa ajili ya tiba isiyothibitishwa. Mwaka 2010 madaktari walichapisha kisa cha mgonjwa aliyechomwa seli shina zake mwenyewe kwenye figo, katika kliniki binafsi nchini Thailand. Uvimbe usio wa kawaida uliota pale pale zilipochomwa, na mgonjwa hakupona. Anayekuahidi figo mpya kwa sindano, mwulize jaribio lake limesajiliwa wapi, kamati gani ya maadili imelipitisha, na kwa nini ulipie majaribio. Akibabaika, ondoka.

La tatu, ukiombwa mkojo au kondo kwa ajili ya utafiti halali, usikatae kwa haya wala usikubali kwa woga. Wapo kati yetu ambao kwao kondo huzikwa kwa heshima, na mtafiti anapaswa kulijua hilo kabla ya kufungua mdomo. Uliza sampuli itatumikaje, itahifadhiwa wapi, na kama unaweza kubadili mawazo. Ukiridhika, toa. Tusiposhiriki, tiba itapimwa kwa miili ya wengine, na sisi tutaipokea mwishoni, kwa bei waliyoipanga wao.

Tuanze na lile lisilohitaji kusubiri mtafiti yeyote. Wiki hii mchukue mzazi wako, au jirani mwenye presha, mwende pamoja zahanati. Mwombe mhudumu kikopo, naye akikuuliza unaumwa nini, mjibu kwamba huumwi, umekuja kuzijua figo zako.