Shomoro Wanahesabiwa, na Sisi Je?



Juma hili, baada ya Misa ya asubuhi, nilipita tena njia ya nyuma ya bustani, ile inayoshuka kati ya migomba na mashamba ya chai, nikakumbuka Aprili 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa nchini tarehe 16 Machi, na shule zikafungwa mara moja. Tulinawa mikono mlangoni mwa kanisa, tukapeana amani kwa kuinamisha kichwa. Mchana padre alibaki na saa nyingi zisizo na mgeni. Basi nikaanza kutembea.

Mvua zilikuwa bado nyingi, na Mlima Rungwe ulijificha na kujitokeza kati ya mawingu. Njia hiyo nilikuwa nimeipita mara nyingi kwa haraka, simu ikiwa sikioni. Mwezi ule nilisimama. Nilimwona chozi akining'inia kwenye ua la mgomba, kitwitwi akitikisa mkia kandokando ya mfereji, tetere wawili juu ya paa la jiko, na shomoro wakigombania punje uani.

Sikuwa peke yangu. Watoto nao walikuwa wakiwatazama ndege hao hao, kila mmoja na manati shingoni. Sikuwakemea. Niliwaomba jambo moja tu: kabla ya kupiga, wahesabu, na jioni waniambie wameona ndege wa namna ngapi. Siku ya kwanza walitaja wanne. Mwisho wa juma orodha ilijaza ukurasa wa daftari, kwa majina ya Kinyakyusa ambayo mimi sikuyajua. Kisha mmoja akanijia akilalamika kwamba mwenzake amempiga ndege “wetu”. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Mwezi huohuo ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa, lakini ndege wa Mungu hawakuzuiwa. Mbayuwayu waliokuja kwetu kukwepa baridi ya Ulaya walikuwa wakirudi kwao. Mbayuwayu wa buluu, ambao hutaga katika nyanda za Kitulo wakati wa mvua, hukamilisha malezi na kuelekea kaskazini, pande za Ziwa Viktoria. Ndege hao wamebaki wachache duniani, na tunalijua hilo kwa sababu wapo watu wanaowahesabu.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Tulijifunza kuwahesabu ndege wa bustani, lakini watu wetu je? Kuanzia Mei 2020 hadi katikati ya 2021 takwimu za ugonjwa hazikutolewa kwa utaratibu nchini. Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alisema kwamba mapadre zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika muda wa miezi miwili. Walei ni wangapi? Tuliwazika, tukasema “alibanwa na kifua”, tukarudi nyumbani. Wengine hatukuthubutu hata kuuliza.

Bwana wetu alitufundisha kwamba hata shomoro mmoja, wa bei ndogo kabisa sokoni, hasahauliki mbele ya Baba. Kwa maoni yangu, fundisho hilo linatudai kazi. Anayehesabiwa huwa “wetu”, na aliye wetu hatuachi apotee kimyakimya. Simlaumu mtu. Hofu ilikuwa kubwa, nami pia nilinyamaza mahali nilipopaswa kuuliza.

Basi naomba mambo mawili. Kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandike majina ya marehemu wake wa 2020 na 2021, wote, bila kuchunguza walikufa kwa ugonjwa gani. Tutayasoma altareni mwezi Novemba, jina moja baada ya jingine, hata kama Misa itakuwa ndefu. Pili, wazazi, watoeni watoto nje mara moja kwa juma, bila manati, wahesabu ndege. Anayejizoeza kumtambua chozi kwenye mgomba hatashindwa kumwona jirani ambaye mlango wake haujafunguliwa tangu jana.

Daftari lile la watoto bado ninalo. Kurasa nyingi zimebaki tupu.

Nawatakia Dominika njema.