Biringanya Mbele ya Mgeni

Katika nyumba zetu nyingi, biringanya hupikwa nyama inapokosekana, na mgeni akiandaliwa, huombwa radhi. Sisi hatuoni haja ya radhi hiyo. Waturuki wanalo pishi la biringanya waliitalo "imam bayıldı", yaani imamu amezimia. Wengine husema alizimia kwa utamu. Wengine, kwa gharama ya mafuta ya zaituni. Nyama haimo hata kipande, na wageni huandaliwa.

Chukua mabiringanya 4 membamba. Yamenye ukiacha mistari ya ganda, yapasue ubavuni bila kuyatenganisha, yanyunyizie chumvi na uyaache dakika 30. Yaoshe, yakaushe, kisha yakaange hadi yalainike. Kando, kaanga polepole vitunguu maji 3 vilivyokatwa vyembamba. Vikilainika, tia punje 4 za kitunguu saumu, nyanya 3 zilizokatwakatwa, chumvi na sukari kidogo. Yajaze mabiringanya kwa mchanganyiko huo, mimina nusu kikombe cha maji na maji ya ndimu moja, funika, upike kwa moto mdogo dakika 30.

Mafuta ya zaituni yakiwa ghali, ya alizeti yatafaa. Pishi hili huliwa likiwa limepoa, kwa mkate au wali. Kwa hiyo laweza kupikwa asubuhi, na mama akapata kuketi na wageni wake badala ya kubaki jikoni. Ijumaa ijayo, ndugu wasomaji, mwandalieni mgeni, wala msimwombe radhi.