Tununue sponji, fedha iliyomo tuiache

Kariakoo, Dar es Salaam, huendeshwa kwa miguu. Mchukuzi wa mizigo, msukuma mkokoteni na machinga wa Mtaa wa Kongo hushinda wima, wengi wakiwa na ndala tu, na miongoni mwao wapo ambao kisukari kimeshaua mishipa ya fahamu ya nyayo zao. Msumari ukiwachoma hawausikii. Kidonda hugundulika kimeshaanza kunuka, na safari ya kwanza huwa ni duka la dawa. Kwa mgonjwa kama huyo, bandeji ya sponji yenye kiua vijidudu, hasa ile iliyotiwa madini ya fedha, huonekana kuwa mkombozi. Nashikilia kwamba sponji anaihitaji kweli. Fedha iliyomo, mara nyingi, ni gharama ya bure.

Ubora wa sponji hauna ubishi mkubwa. Mwaka 1962 George Winter alionyesha, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba jeraha lililofunikwa likabaki na unyevu huota ngozi upesi kuliko lililoachwa likauke. Sponji hunyonya majimaji bila kukikausha kidonda, na haing'ang'anii nyama changa kama gozi kavu, ambayo kila ikibanduliwa hurudisha kidonda nyuma. Tena inaweza kukaa siku kadhaa. Kwa mtu ambaye asipofungua meza yake watoto hawali, kwenda kusafishwa kidonda mara mbili kwa wiki badala ya kila siku ni nafuu kubwa, na hesabu ya bei ya bandeji isiyoingiza nauli na kipato kilichopotea ni hesabu pungufu. Lakini faida zote hizo zimo pia katika sponji isiyo na dawa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 ulilinganisha bandeji zenye fedha na zisizo nayo kwa wagonjwa 213 wenye vidonda ndugu vya miguu vitokanavyo na mishipa ya vena. Baada ya wiki 12 haikuonekana tofauti ya maana katika kupona. Iliyoonekana ni ya gharama. Kwa vidonda vya kisukari, mwongozo wa mwaka 2023 wa kikundi kazi cha kimataifa cha mguu wa kisukari unashauri bandeji zenye viua vijidudu zisitumike kwa lengo la kuponya.

Wapo watakaosema Dar es Salaam si Uingereza: kuna vumbi, jasho na maji ya mitaro wakati wa masika, kwa hiyo kinga ya ziada ni lazima, na hata hivyo fedha ni afadhali kuliko unga wa kapsuli za antibiotiki unaomwagwa kidondani. Kuhusu unga huo nakubali moja kwa moja. Hausafishi kitu, na huwazoesha vijidudu dawa tutakazozihitaji kesho. Uchafu wa nje, hata hivyo, huzuiwa na bandeji yoyote iliyofunga vizuri. Na maambukizi yakishazama kwenye nyama au mfupa, fedha iliyo juu haiyafikii. Hapo panatakiwa kukatwa nyama iliyokufa na antibiotiki ya kumeza au sindano, chini ya daktari. Ikiwa mtaalamu ameona dalili za maambukizi ya juu juu, na akaitumia bandeji ya fedha wiki mbili kisha akapima upya, sina ugomvi naye.

Ninachohofia ni sponji ghali kufungwa kwenye unyayo ambao kesho unabeba gunia. Kidonda kinachokanyagwa hakifungi, hata kifunikwe na chochote. Madaktari wa hospitali ya Muhimbili, akiwamo Zulfiqarali Abbas, wamefundisha kwa miaka mingi kwamba mguu huokolewa kwa kukaguliwa mapema, kusafishwa, kupunguziwa uzito na kudhibitiwa sukari. Kwa hiyo vitita vya bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa mwaka 2023, vilipie sponji ya kawaida, viatu vya kupunguza mgandamizo na muuguzi aliyefunzwa vidonda katika kila zahanati ya wilaya ya Ilala, iliko Kariakoo, kabla ya kugharimia hata bandeji moja ya fedha.