Madaftari Yanayofanana

Wanachuo wa ualimu hulalamika kwamba majaribio ya fizikia hayafanyiki kwa kuwa chuo hakina maabara. Sikubali. Ning'iniza jiwe kwa uzi wa mita 1, libembee kidogo, uhesabu mara 20 kwenda na kurudi: utapata sekunde 40 hivi. Weka jiwe zito zaidi. Muda ni uleule. Anayejiuliza kwa nini ameshaanza kusoma.

Lakini nani anajisumbua? Zoezi la takwimu hufanywa na mmoja, na mkengeuko sanifu wake huonekana katika madaftari ya darasa zima, pamoja na nukta ya desimali aliyoikosea. Uchumi ndio hivyohivyo.

Kinachoniudhi hasa ni saikolojia jamii. Wote wanalijua jaribio la Solomon Asch, Marekani, mwaka 1951: mtu anaona wazi mistari ipi inalingana, ila wenzake wakitaja mwingine kwa kauli moja, anayumba; robo tatu hivi walifuata kosa la wenzao angalau mara moja. Wanachuo huyaeleza haya vizuri sana, kwa maneno yaleyale waliyonakili kwa mwenzao. Mkufunzi naye huweka vema kote, kisha watu hao hukabidhiwa madarasa ya watoto wetu.