Masomo ni bure, lakini nani analipa mwalimu N.U.?

Tangu Septemba 2019, shule za msingi za serikali nchini DRC hazipaswi kuomba wazazi pesa, kufuatana na kifungu cha 43 cha Katiba. Wanafunzi waliongezeka. Pesa hazikuongezeka kwa kipimo hicho, hata baada ya Benki ya Dunia kukubali dola milioni 800 mwaka 2020.

Kinshasa inapopunguza bajeti, anayeumia kwanza ni mwalimu N.U., yule anayefundisha bila jina lake kuwa kwenye orodha ya mishahara. Zamani alikula kwa prime ya wazazi. Sasa direkta wa shule anabaki kati ya kufunga darasa na kuomba prime ileile kwa jina lingine, jambo ambalo sheria inakataza.